Boma Lililobomolewa Kama Msonge

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mnapita pale juu kilimani kwa bodaboda, mnaona uwanja wa mpira na lile shimo lililojaa magugu nyuma ya goli, mnadhani pamekuwa hivyo tangu Mungu aumbe dunia. Palikuwa na boma la Mjerumani pale, na mimi nilikuwa ndani yake siku lilipoanza kuanguka. Hata leo mtu akipasua ukuta wa zamani karibu nami, nahama upande wa upepo. Chokaa mpya ina harufu safi, sina ugomvi nayo. Lakini chokaa iliyokaa ukutani miaka na miaka, ikanywa mvua na moshi na kinyesi cha popo, halafu ikapasuliwa ghafla, hiyo inanuka kama kinywa cha mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kunywa maji. Niliivuta nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi na haijanitoka puani. Nitawaeleza ilivyokuwa, na sitapamba kitu, maana mimi shule niliiacha mapema na maneno ya mapambo sikuyapata.

Boma lile lilikuwa kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Wazee walisema Wajerumani walilijenga kabla karne iliyopita haijaanza, babu zetu wakibeba mawe kichwani kutoka mtoni huku wakichapwa. Lilikuwa na matao mbele kama nyusi za mtu aliyekasirika, na mnara mfupi pembeni, na paa la vigae vyekundu ambavyo sisi watoto tuliamini vimepakwa damu. Ukuta wake ulikuwa mnene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala dirishani akajinyoosha. Ndani kulikuwa na ukumbi mkubwa ulioshikiliwa na nguzo za mvule, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na vyumba vidogo vya giza. Huko nyuma ndiko walikofungiwa watu walioshindwa kodi, wa Mjerumani kwanza, halafu wa Mwingereza. Wengine hawakutoka. Kwa sababu hiyo mtu mzima wa kijiji chetu, hata mwanaume mwenye ndevu, hakuwa anavuka ukumbi kwenda vile vyumba vya nyuma. Hata uhuru ulipokuja, karani akawekwa mle kutoza ushuru wa kahawa, alikaa kwenye baraza la mbele, mgongo wake kwenye hewa, asivipe vyumba vile kisogo.

Halafu ikaja ile miaka ya watu wa Burundi. Tulianza kwa kusikia mbwa wa ng'ambo ya mto wakibweka mchana kutwa, kisha tukaona moshi, kisha wakaanza kutokea kwenye migomba yetu, wamelowa hadi kifuani, wanawake wamebeba watoto na masufuria, wanaume wachache. Kihangaza chetu na Kirundi chao ni kama watoto wa mama mmoja, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mkalimani kutuambia walichokiona. Mimi nilisikia mambo ambayo mtoto hapaswi kusikia, nikawa naota. Serikali ikawaweka kwenye boma, kwa sababu ndilo paa pekee lililotosha watu wengi. Wao hawakujua habari za vyumba vya nyuma, au walijua wakaona kwamba waliyoyakimbia ni mabaya zaidi. Walilala kila mahali. Ukipita jioni ulisikia watoto wanakohoa, ukasikia wanawake wanasali rozari kwa sauti moja, na boma lile ambalo tulikuwa tunalikimbia likawa na harufu ya maharage.

Miongoni mwao alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Spesioza. Mumewe hakuvuka. Alivuka na mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba asiyecheka, na alivuka akiwa na mimba kubwa. Mama yangu alimkuta kisimani akijaribu kuinua mtungi, akamnyang'anya. Akamwambia, "We, unataka kuzalia hapa njiani kama mbuzi?" Spesioza akacheka, na tangu siku hiyo wakawa marafiki. Mama alikuwa hivyo. Upendo wake ulianza na karipio.

Ndipo akaja Bwana Maendeleo kutoka Ngara mjini, kwenye gari la serikali. Akaitisha mkutano. Akasema wakimbizi wote watapelekwa mbali na mpaka, upande wa Tabora, ambako watapewa mashamba, na malori yako njiani. Akasema pia kwamba boma litabomolewa. Ni jengo la aibu, akasema, nchi huru haiwezi kuendelea kulala kwenye nyumba iliyojengwa kwa kiboko, na matofali na mawe yake yatajenga zahanati. Watu walipiga makofi kwa dhati, msifikiri walilazimishwa. Palikuwa na wazee pale waliokuwa na makovu ya lile boma mgongoni. Msimamizi wa kubomoa akachaguliwa baba yangu, Petro, kwa kuwa alikuwa fundi wa misonge. Hakuna mtu aliyekuwa anahamisha nyumba ya nyasi katika tarafa yetu bila kumwita yeye.

Malori yalikuja asubuhi, na asubuhi hiyohiyo Spesioza alishikwa na uchungu. Katika zile kelele za kupakia watu, huku majina yakiitwa na kuku wakirushwa juu, yule bibi alimvuta mkwewe kwenye chumba cha mwisho nyuma ya ukumbi akafunga mlango. Malori yaliondoka. Mtoto akazaliwa mle gizani, wa kiume, mama yangu akampokea. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu na kwa Warundi, mwanamke aliyejifungua hatoki nje ya nyumba aliyozalia mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Anakaa ndani, moto wake hauzimwi. Akitoka kabla, jua likamwona mtoto utosini, mtoto anaanza kukauka. Msinicheke. Ninyi mnazaa hospitali na kesho yake mko sokoni, sawa. Sisi tulikuwa tumezika watoto wengi, na tulishika chochote kilichosemekana kinawazuia kufa. Spesioza aliyekuwa amepoteza mume, nyumba na ng'ombe, alikuwa amebaki na kitu kimoja cha kulinda.

Mama hakumwambia baba. Baba alikuwa mtu mwema mwenye mdomo usio na mlango. Angemwambia Bwana Maendeleo kabla ya ugali kuiva. Na ilikuwa inasemwa kila mahali kwamba mkimbizi atakayekutwa amejificha baada ya malori kuondoka atahesabiwa kuwa mpelelezi, atarudishwa ng'ambo. Mama alipiga hesabu yake mwenyewe. Boma ni kubwa, akasema. Mtu mwenye akili atapanda kwanza aondoe vigae kimoja kimoja, kazi ya siku nyingi, na kitovu kitadondoka wakiwa bado wako kwenye paa la mbele. Kisha akanipa mimi kazi ya kupeleka uji, kwa kuwa mtoto mwenye kibuyu hatiliwi shaka. Nilikwenda alfajiri, kabla watu hawajatoka majumbani. Naomba niwaambie ukweli: nilikuwa naogopa kiasi cha kuuma ulimi wangu. Ukumbi ule mtupu ulikuwa unarudisha sauti ya miguu yangu kana kwamba mtu mwingine ananifuata. Popo walining'inia kwenye boriti kama matunda yaliyooza. Nilipita katikati ya nguzo bila kuzigusa, nikigonga mlango wa mwisho kwa kucha, kama tulivyokubaliana, na yule bibi akifungua nilikuwa natamani kumkumbatia, ingawa hakuwa bibi wa kukumbatiwa.

Siku ya kubomoa ilipofika nilikuwa ndani ya kile chumba wakati wanaume walipotokea. Walikuja mapema kuliko tulivyotazamia kwa sababu Bwana Maendeleo alikuwa amelala kijijini ili aone kazi ikianza. Kulikuwa na tundu la hewa juu ukutani, dogo, lakini sauti ziliingia. Nikamsikia Filemoni, jirani yetu aliyekuwa hawezi kunyamaza hata kanisani.

"Petro, Mjerumani huyu alikula nini? Ukuta mnene namna hii!"

"Alikula ndizi za babu yako," baba akajibu.

"Basi nirudishiwe leo! Mwite mkeo aje asukume, maana yeye akisukuma hata wewe unatoka kitandani."

Wakacheka wote. Mimi pia nilitaka kucheka, ikashindikana. Halafu nikasikia baba anaingia ukumbini. Nilizijua hatua zake. Akasimama pale mwanzo, akaita, "Hodi! Kuna mtu?" Yule bibi aliniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka moshi. Mtoto alikuwa ananyonya. Baba akaita tena, sauti yake ikazunguka ukumbi ikamrudia. Hakuja nyuma. Hakuna aliyekuja nyuma. Waliogopa vyumba vile kama nilivyoviogopa mimi, na Bwana Maendeleo, msomi, naye alibaki kwenye baraza akisema, "Hakuna mtu, anzeni."

Na wakaanza kama walivyojua kuanza. Ninyi hamjawahi kuona msonge ukihamishwa, kwa hiyo nawaeleza. Msonge hauanzii juu. Unaanzia ndani. Unafunga kamba kwenye nguzo ya kati, wanaume wanavuta pamoja wakiwa nje, nguzo inateleza, na paa la nyasi linashuka taratibu na kukaa chini kama kuku anayeatamia. Kisha mnachambua nyasi na fito mkiwa mmesimama ardhini, hakuna anayepanda wala kuvunjika mguu. Baba alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kumuumiza mtu. Alikuwa hajawahi kubomoa nyumba ya mawe, wala hakuna mwingine aliyewahi. Kwa hiyo walifunga kamba za katani kwenye nguzo ya kwanza ya mvule, wakazipitisha mlangoni, wakajipanga nje, na Filemoni akaanza kuimba ule wimbo wa kuvutia misonge.

Nilisikia mti ukilia. Si kama mti unaokatwa. Ulilia kama ng'ombe. Halafu popo wote wakatoka kwa pamoja kwa sauti ya kanga inayopigwa upepo. Halafu vigae vikashuka. Havikukaa kama kuku. Sijui niseme nini kuhusu kishindo kile. Nilikisikia kwa meno. Hewa ilijaa chokaa ile niliyowaambia, nikawa sioni mkono wangu, na nilipoona tena, ukuta kati yetu na ukumbi ulikuwa umefanya tumbo kama la mwenye mimba, na ufa ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi juu, mpana kiasi cha kupitisha mwanga. Mlango ulikuwa umebanwa na boriti. Spesioza alikuwa amejikunja juu ya mtoto. Yule bibi alikuwa anapuliza makaa ya moto, anapuliza tu, kana kwamba kazi yake duniani ilikuwa ile.

Nje wanaume walikuwa wanapiga kelele. Nusu ya paa ilikuwa imebaki imening'inia kwenye nguzo ya pili, na nilisikia sauti ya Bwana Maendeleo, sasa imekuwa nyembamba: "Vuteni na hiyo! Vuteni haraka kabla haijaanguka yenyewe ikaua mtu!" Na kamba ilikuwa tayari imefungwa. Nguzo ya pili ndiyo iliyokuwa karibu na chumba chetu. Niliita, "Baba!" Vumbi lilikuwa limenijaa kooni, ikatoka kama kikohozi cha mbuzi.

Yaliyofuata niliambiwa baadaye, na watu wengi, na wote walisema sawa. Mama alikuwa shambani akipalilia. Aliposikia kishindo alipanda kile kilima akiwa na jembe mkononi, na alipofika akaona wameshika kamba wameinama tayari kuvuta, hakupiga yowe, hakueleza. Alikaa juu ya kamba. Alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu, kamba ikapita chini ya makalio yake, akaweka jembe mapajani.

"Vuteni basi," akasema.

Filemoni akamwita kwa jina langu, akasema, "Mama Anastazia, toka hapo, leo si siku ya mchezo!"

"Anastazia yuko ndani. Yuko na mzazi, na kichanga, na bibi. Chumba cha mwisho. Nani kati yenu, wanaume wenye misuli, ameingia kutazama chumba cha mwisho?"

Wanasema baba aliiachia kamba kama vile ilikuwa nyoka. Alizunguka nyuma ya boma mbio, ambako ukuta ulikuwa mwembamba na sasa umelegea, na mimi nikaona vidole vyake vinaingia kwenye lile tundu la hewa, kisha nondo, kisha jiwe likatoka, na jingine, mpaka uso wake ukaonekana, mweupe kama wa mzimu kwa chokaa. Alinivuta kwa mkono, bega langu halijapona vizuri hadi leo, na sijawahi kulalamika. Lakini Spesioza alipoambiwa atoke, alikataa. Paa lilikuwa linadondosha vigae kimoja kimoja ukumbini, ukuta unapumua, na yeye amekaa kwenye majani makavu anatikisa kichwa. "Kitovu hakijadondoka," alisema. "Nimenyang'anywa vyote. Huyu simtoi juani akauke mikononi mwangu. Bora tuangukiwe wote." Baba aliapa, akamwomba, akataka kuingia ambebe kwa nguvu, na yule bibi akamwonyesha kijinga cha moto.

Mama akafika pale kwenye tundu. Alimsukuma baba pembeni, akaingiza kichwa. Nilikuwa nimeshikilia kanga yake, nilisikia kila neno. "Spesioza, mdogo wangu, nisikilize. Wewe hujatoka. Nyumba ndiyo iliyokutoka wewe. Sasa mimi nakuletea nyingine mpaka hapo ulipo, na hutakanyaga jua hata kidogo." Akageuka akawaamuru wanaume. Walioshika kamba walete mikeka, kila mkeka ulioko kilimani, na majani ya migomba. Wakasimama mistari miwili kutoka ukutani hadi kwenye migomba, wameshika mikeka juu ya vichwa vyao, ukingo kwa ukingo, ikawa paa, na majani ya migomba pembeni yakawa kuta. Baba akapanua tundu, yule bibi akatoka kwanza na moto wake kwenye kigae. Nyuma yake Spesioza, amejifunika, mtoto kifuani. Wakapita chini ya mikono ya watu. Filemoni mwenyewe alikuwa analia.

Bwana Maendeleo alisimama njiani. Nilimwona anatazama, nikajua sasa ndipo watakapochukuliwa. Akamuuliza mama, "Huyu ni nani?"

"Mzazi."

"Wa wapi?"

"Wa kwangu."

Alitazama paa linaloning'inia, akatazama watu walioinua mikono, akakung'uta vumbi kwenye shati lake muda mrefu. Kisha akapanda gari lake. Ukuta ulianguka wakati gari bado halijakata kona, wenyewe, bila kuvutwa, na chumba cha mwisho hakikuonekana tena.

Kitovu kilidondoka kwenye nyumba yetu. Lakini msifikiri hofu iliisha. Kwa miezi yote aliyokaa Spesioza kwetu, kila gari lililonguruma kilimani lilitufanya tunyamaze wote, hata mtoto alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kutambaa. Baada ya mavuno ya maharage ndugu zake walimtumia habari kwamba wako Tabora, akaenda na mtoto na yule bibi, kwa hiari yake, kwa miguu yake, na sikumwona tena. Baba hakurudi kazini pale boma. Hata misonge aliacha. Akiitwa alisema mgongo unamuuma, na mama alikuwa anamwacha aseme hivyo.

Sasa boma halipo. Zahanati ilijengwa, watoto wangu wote walichanjwa mle, kwa hiyo siwezi kusema mawe yale yalipotea bure. Siku hizi nasikia vijana waliosoma wakisikitika kwamba lingebaki tungeleta watalii. Labda. Mimi silililii, na sikuwahi kulipenda. Ninachokiona ni kwamba zamani kubomoa kulihitaji watu wengi na kamba na wimbo, na bado ilikuwa nusura tuwafukie watu wanne. Leo linakuja katapila moja, dereva amekaa juu kwenye kioo na muziki masikioni, na asubuhi moja inamtosha kulaza jengo zima. Hata mama angekaa mbele yake na jembe, sijui kama angemwona. Watu wanasema maendeleo yameondoa woga. Kwangu yameondoa tu ile nafasi ya mtu kusikika akiita.

Msimu uliopita mwanangu Deo aliamua kubomoa ile nyumba ya zamani ya matofali nyuma ya kwangu, wapangaji wameshahama, katapila limeshakodiwa kutoka Ngara. Aliniambia amezunguka nje, ameita hodi, hakuna mtu. Nikamwita yeye na mkewe na wajukuu wote na yule dereva, nikawasimamisha uani. Nikawaambia: "Mashine hiyo haitawashwa leo. Deo, chukua kigoda na kikombe cha chai. Utaingia kila chumba, kuanzia kile unachokiogopa, utakaa humo ndani mpaka chai iishe, halafu ndipo uje uniambie hakuna mtu."